Krauni na Pinioni Hazigawanywi

Mtu hawezi hata kufa kwa utulivu katika nyumba hii. Nimelala nangoja saa yangu, mnanizunguka kama kuku walioona mahindi: "Bibi, tuambie kwa nini lori haligawanywi." Mlikuwa wapi nilipokuwaga na pumzi? Haya, wewe Keraryo zima hiyo redio, kisha sikilizeni wanangu, na ninyi wajukuu, maana nimewasikia hapo uani mkinong'ona kwamba nikishafukiwa lori liuzwe kila mtu achukue chake, na neno hilo ndilo lililonitoa usingizini.

Babu yenu Werema alikuwa fundi hapa Nyasura, na kabla hajafa alinunua krauni mpya na pinioni yake kwa ajili ya difu ya lori letu, lile bonge la chuma kule chini linalozungusha magurudumu ya nyuma, zikiwa zimefungwa pamoja kwenye karatasi yenye mafuta. Krauni ni lile gurudumu kubwa la meno, na pinioni ni kile chuma kidogo chenye mkia kinacholisukuma. Kiwandani husagwa pamoja, jino kwa jino, mpaka zinajuana, na baada ya hapo hazimkubali mwingine. Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini hilo Werema alilisemaga mpaka nikalijua kama sala ya chakula.

Tulipoanua tanga, vitu vikagawanywa. Huyu Eliud, anayejifanya anatazama dari, akafungua karatasi ile akasema, "Mimi ni kifungua mimba, nachukua kikubwa. Jeska mwanamke, hako kadogo kanamtosha."

Jeska, aliyekua akishika spana za baba yake, akamwambia, "Kaka, hicho ni kitu kimoja. Chukua vyote au niachie vyote."

"Sikio halipiti kichwa," akajibiwa.

Wazee wakaona haki imetendeka, maana wao wamezoea kugawa nyama, paja huku na mbavu huku, na ng'ombe aliyekufa halalamiki. Lakini chuma kinalalamika! Eliud akaokota pinioni kuukuu kwenye vyuma chakavu, akapata fundi wa kumfungia, akaenda Murangi kupakia dagaa. Kurudi, lori likalia njia nzima kama fisi, naye akaongeza sauti ya redio. Katikati ya mvua difu ikapiga kishindo kimoja, meno yakamwagika humo ndani, dagaa za watu zikaoza barabarani. Lori lililokuwa likitulisha sote likawa banda la kuku, na mtu na dada yake hawakuombana tena hata chumvi.

Wazee wakakaa upya kule Butiama, kwenye asili yetu, wakasema: aliyetenganisha ndiye aunganishe, alete krauni na pinioni ambazo hazijawahi kuachana, na Jeska ndiye afunge. Zikapatikana Musoma, kwa Felisiani anayeuza vyuma vya malori yaliyoanguka. Alichotaka Felisiani nitakisema nikipata pumzi.

Siku ya kuzifunga niliketi hapo uani nicheke. Sikucheka. Jeska alipaka meno ya krauni rangi nyekundu iliyokorogwa na grisi, Eliud akizungusha kwa mkono.

"Polepole, kaka, hupeleki ng'ombe mnadani."

Alama ikatokea juu, kwenye ncha za meno. "Wako mbali," akasema, akafungua vyote, akaongeza shimu, kibati chembamba kama ganda la kitunguu, akafunga tena. Alama ikazama chini kwenye shina. "Sasa wamebanana." Akafungua tena. Nikamwuliza, "Mwanangu, ganda la kitunguu litafanya nini kwenye lori la magunia?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, lori lote limelala juu ya ganda hilo."

Jua lilipoanza kuegemea, alama ikatua katikati ya jino, umbo la mbegu ya boga, na jino lililofuata vilevile, na lililofuata, mpaka krauni ikazunguka yote. Nimezaa, nimezika, nimeona ziwa limesimama kama ukuta. Siku ile nilivua kilemba. Jeska akaweka kidole changu kwenye chuma nikasikia mchezo mdogo kati ya meno, tik, tik, wanagusana na hawabanani. Nikasema, kumbe ndivyo Mungu anavyopimaga jino kinywani mwa mtoto. Na lori lilipotoka hapo uani lilinyamaza kama mtu aliyeshiba.

Basi shikeni hili. Nyumba mkae, shamba la Nyamuswa mlime, lori ni la Eliud na Jeska pamoja, na atakayesema ligawanywe mnyimeni chakula mpaka akili imrudie. Mnipeleke Butiama kwa lori hilohilo, Eliud ashike usukani, Jeska akae kando atege sikio. Msilie sana, mtanizuia kusikia difu.

Sogeeni... nipeni maji. Mungu awaweke karibu, asiwabananishe. Mpate mvua... na watoto... na meno ya kuwatosha mpaka uzee.

Felisiani, ee. Alitaka lile dume jeusi la Eliud. Siku tuliyomzika Werema, mila ilimtaka mtoto wa kwanza achinje dume, na huyu akalificha kwa shemeji yake, akatuletea ng'ombe mkongwe asiye na meno. Basi dume hilo... alilomnyima baba yake... alilivuta mwenyewe, kwa miguu, Butiama mpaka Musoma, watu wakimtazama. Akarudi na gunia la chuma begani. Mkononi, kamba tupu.