Nyota Iliyokula Sayari Zake

Kijiwe cha Moshono kina benchi moja la mbao, muuza kahawa, na watu wenye majibu ya kila kitu. Asubuhi hiyo Elieza, mkulima wa kahawa wanayemwita Pilipili, alifika mapema mno, roho ikimfuka moshi kwa hasira. Binti yake wa pekee, Irine, alikuwa anaondoka saa sita kwenda kusoma ng'ambo miaka minne, na Elieza alikuwa ameapa kwamba hatamwekea mkono wa baraka.

— Eti anakwenda kusomea nyota zilizokufa! Maiti inasomewa nini, jamani?

— Shikamoo, mzee, — alisema Brayson wa bodaboda, jina la kijiweni Satelaiti. — Hizo zinaitwa vibete vyeupe. Nyota ikifa inasinyaa, inabaki saizi ya dunia. Sayari zake zikivunjika, vipande vinaiangukia. Wataalamu wanachambua mwanga wake, wanaona chuma, wanaona kalsiamu. Hapo wanajua sayari ilikuwa na nini ndani.

— Imekula watoto wake? — Elieza alishtuka, kahawa ikammwagikia kidoleni.

Koikai mchinjaji, yaani Kisu, alicheka.

— Mbona ndiyo kazi yangu! Nikipasua tumbo la mbuzi nakwambia huyu kachungwa kule Olasiti, huyu kala maganda ya ndizi hapa hapa.

— Wacha wewe! — Elieza alimkemea. — Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

— Ndicho wanachouliza wataalamu, mzee! — Satelaiti alidakia.

— Na jua letu je?

— Nalo litakufa. Litavimba kwanza, huenda likatumeza.

— Na Mlima Meru?

— Na Meru, na migomba, na hili benchi.

Elieza aliogopa kweli.

— Basi watakaotupima watakuta mtori mtupu, — alisema Kisu. — Watasema sayari hii iliumbwa kwa ndizi.

— Na watamjua aliyechanganya kahawa na mahindi ya kukaanga! — Satelaiti alimkazia macho muuza kahawa.

Wakaangua kicheko. Ndipo akapita Hedwiga, fundi cherehani, ambaye hajawahi kukaa kijiweni hapo. Aliomba kikombe kimoja, akanywa amesimama.

— Baba Irine, nimempita mtoto pale getini kwenu amekaa juu ya sanduku. Amekula?

Kisu alimtazama Satelaiti, Satelaiti akatazama simu. Elieza aliweka kikombe benchini, akainuka. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya chai, bila hata kumwamkia mtu.