Fundi Masikio na Sura Tano Zilizobaki

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano.

Alisoma hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1965 macho ya babu yalipofifia na cherehani ikakosa mtu. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Aliwahi kuandika insha ambamo bibi alimgombeza muuza maziwa, na mwalimu akampa sifuri.
"Bibi gani anaongea hivi?"
"Wa kwetu, mwalimu."
Sifuri ikabaki.

Alishona kwa miaka hamsini na mitatu. Mteja akipimwa mabega huongea, na Baba, akiwa na pini mdomoni, alisikiliza. Jioni aliandika aliyoyasikia nyuma ya karatasi za kukatia mitindo. Mwaka 1977 alipeleka redioni mchezo wake wa kwanza, na akaendelea kuiandikia redio kwa miaka ishirini na sita. Alisema mhusika haanzi kuishi mpaka ujue anavyosalimia na anavyokataa. Alijua kwamba mlinzi hamwambii mtu karibu, humuuliza ametoka wapi. Alijua kwamba muuguzi humuuliza mgonjwa mmoja, "Tumekunywa dawa?" kana kwamba wanameza wote. Mkuu wa vipindi alipomtaka asafishe lugha ya wahusika, Baba alikunja karatasi zake akarudi dukani. Baada ya wiki tatu walimfuata wenyewe.

Alimuoa mama yetu tarehe 14 Juni 1980. Walijuana kwa ugomvi. Mama alijaribu gauni alilomshonea, akasema, "Fundi, umenishonea nguo au umenifunga bandeji?" Wiki mbili baadaye akayasikia maneno hayo redioni. Akarudi dukani.
"Yale maneno ni yangu. Nani kakupa?"
"Umeyaacha hapo mlangoni mwenyewe."
"Basi gauni lishonwe upya, na wewe ukome."
Gauni lilishonwa upya. Kukoma hakukoma.

Mwezi Julai 2018 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Tarehe 3 Oktoba alifanyiwa upasuaji, na tangu siku hiyo hakutoa sauti tena. Katika mwaka uliofuata aliandika riwaya yake pekee, sura kumi na nne, kwa mkono, katika madaftari sita. Inahusu mtaa huu, na wengi mlio hapa mmo.

Mimi ndiye niliyeichapa. Nilikuwa nimemaliza chuo. Kila mhusika aliyeongea ovyo nilimnyoosha, nikiamini ninampa heshima. Kisha nikayachoma madaftari pamoja na taka, kwa kuwa niliona kazi imekwisha. Kuna watu wanaodhani kuongea vizuri ni kuongea kama wao, na watu hao ndio wanaopewa kusahihisha wenzao. Nilikuwa mmoja wao, na nina cheti. Baba alisoma sura nzima bila kuinua macho, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: "Wote umewavisha suti moja. Lete madaftari."

Nilimwambia ukweli. Aligeukia ukutani. Kesho yake aliandika: "Basi waite wenyewe."

Kuanzia tarehe 2 Desemba, wenye maneno walikuja mmoja mmoja kwenye chumba cha mbele, ambako kitanda kilikuwa kimewekwa mahali pa meza ya kukatia vitambaa. Shangazi muuza samaki alisoma nilichomwandikia, akatupa karatasi.
"Mimi niseme 'mteja mpendwa, tafadhali usiguse'? Mimi? Mtu akishika samaki mara tatu bila kununua namwambia, 'Kaka, huyo kashakufa, hata umpapase vipi haamki.'"
Baba alicheka bila sauti mpaka Mama akamshika mgongo. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika. Palipokosewa alitikisa kichwa, tukarudia, wakati mwingine mara kumi kwa sentensi moja.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2020, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Tulikuwa tumemaliza sura ya tisa. Fundi viatu alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akisubiri kuingia kwa ajili ya sura ya kumi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na sura tano. Fundi viatu ameniambia atakuja Jumatatu, na wengine mmeahidi. Njooni. Mtasema, nami nitaandika kama mlivyosema. Lakini hakuna tena wa kutikisa kichwa.

Pumzika kwa amani, Baba. Yaliyobaki tutayakosea wenyewe.