Lucius Braxton na Bakuli Lililovunjwa Vipande Vinne

Lucius Wardell Braxton, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 katika Kaunti ya Charles City, Virginia, nyumba ya tatu kutoka kanisani hapa. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Shemasi Orrin Braxton na marehemu Mama Leota. Wazee wanasema alizaliwa kimya, mkunga akampiga kofi mara mbili ndipo akalia.

Alisoma shule ya Weusi ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kanisa. Aliacha mwaka 1963, akiwa darasa la tisa, baba yake alipokatwa vidole kwenye kiwanda cha mbao. Lucius alichukua nafasi ya baba yake, kwenye msumeno uleule.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Odessa Pollard, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 3 Mei 1976 alianza kazi Fairlow, kwenye uchimbaji wa mabaki ya kale ukingoni mwa Mto James, walipokaa walowezi wa Kiingereza karibu miaka mia nne iliyopita. Aliajiriwa kupiga koleo tu. Haikupita miaka miwili, wanafunzi wa chuo kikuu wakawa wanamwuliza yeye. Alijua rangi ya udongo kama mama anavyojua joto la mwanawe. Aliwaonyesha nguzo ya nyumba iliposimama mpaka ikaoza, walipotupa makombe ya chaza, na mahali mtu alipokaa akivuta kiko cha udongo. Siku moja aliokota mfupa wa mbwa wenye alama za kisu, akaugeuza mkononi. "Hawa walikuwa na njaa," akasema, na mchana ule hakula.

Nyumbani nako kazi haikumwacha. Akiona mtaro umechimbwa barabarani, lazima asimamishe gari, hata Jumapili.

"Lucius, watu wanaimba tayari!"

"Mungu aliumba udongo kabla ya kwaya, mke wangu. Subiri kidogo."

Na sisi hapa, mtu akifa, kikombe chake cha mwisho huvunjwa kikawekwa juu ya kaburi, ili kifo kisirudi kuchukua mwingine nyumbani. Lucius alikuwa akitutania mezani: "Changu mkivunje vipande vikubwa, jamani. Msimtaabishe atakayekuja kuchekecha udongo."

Tulikuwa tukicheka. Mama Odessa hakuwa akicheka, maana alijua utani ule ulitoka wapi.

Tarehe 9 Agosti 1988, nyuma ya jiko la zamani walikopikia watumwa pale Fairlow, Lucius alikuta bakuli la udongo lililofinyangwa kwa mkono. Lilikuwa limevunjwa vipande vinne, na vipande vimepangwa. Chini yake udongo ulikuwa umechanganyika, mweusi na wa manjano, kama wa shimo lililochimbwa likafukiwa. Dk. Alden Whitcombe, mkuu wa uchimbaji, alitazama mara moja.

"Takataka za jikoni, Lucius. Endelea."

"Siyo takataka, Daktari. Hili kaburi. Hivi ndivyo sisi tunavyozika."

Alisema kwa fahari. Miaka kumi na miwili alikuwa akitoa vitu vya watu wengine, na siku ile alikuwa amekuta cha kwao. Jioni alimweleza mama yake, naye Mama Leota akaacha maharage aliyokuwa akiambua.

"We mtoto, umewaonyesha?"

"Nimewaambia ukweli, Mama."

"Ukweli wa kaburi ni kulifunika. Ungesema takataka, aliyemo angelala."

Tarehe 11 Agosti walimtoa. Alikuwa msichana wa kama miaka sita, mwenye shanga tatu za buluu mkononi. Meno yake yalikuwa na mistari ya njaa. Walimweka kwenye sanduku, wakasema anakwenda chuo kikuu miezi sita kupimwa, kisha atarudishwa. Lucius ndiye aliyebeba sanduku mpaka kwenye gari, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeaminiwa kutolitikisa.

Hakurudishwa. Lucius aliandika barua kumi na tisa, Mama Odessa akirekebisha herufi. Majibu yalikuwa yaleyale, kwamba hakuna ushahidi kuwa mtoto huyu ni wa watu hawa. Kitabu kilipotoka, bakuli liliandikwa kuwa ni takataka za jikoni. Ukutani kwenye jumba la makumbusho ipo picha ya siku ile: mkono mweusi umeshika mwiko wa kuchimbia kando ya bakuli, na chini jina la Dk. Whitcombe. Mkono ule sisi tunaujua. Kidole gumba kina kovu la msumeno.

"Kama ni takataka," Lucius alikuwa akisema, "mimi nilijuaje kuna mtoto?"

Mwaka 2003 aliacha kazi. Kila tarehe 11 Agosti hakutia kitu mdomoni.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Vuli iliyopita, akiwa hawezi kutembea bila kupumzika, alikuja hapa makaburini na vijiti vinne na kamba, akapima kando ya mahali atakapozikwa kama alivyokuwa akipima kazini: futi nne kwa mbili. Akamwambia binti yake Corinne, "Mimi kulia, yeye kushoto. Mimi ndiye niliyemtoa." Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi, kitini karibu na dirisha, kahawa yake ikiwa nusu.

Ameacha mjane, Mama Odessa, watoto wake Corinne, Wardell na Verlene, wajukuu saba, na dada yake, Shangazi Leota Mdogo. Kikombe chake tumekivunja asubuhi hii, vipande vikubwa kama alivyotaka.

Dk. Whitcombe ameketi nasi leo, safu ya tatu, na ameleta shada. Tunamshukuru kwa maua. Tutakapotoka kwenda kaburini, tunaomba kila mtu apite kwa uangalifu upande wa kushoto. Kuna shimo la pili pale, dogo, na leo halitafukiwa.

Lucius apumzike kadiri atakavyoweza, mpaka mtoto aletwe.