Mama Tila na Tupa Yake: Miaka Thelathini na Moja Katika Miwa ya Santa Ubalda

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mama Domitila Somarriba, ambaye shamba zima la Santa Ubalda linamwita Mama Tila, anastaafu leo, tarehe 30 Aprili, siku ya mwisho ya mavuno. Akina mama wa kambi waliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii. Mama Tila aliposikia alitoa sharti moja tu: usiwe mrefu, kwa sababu watu watausikiliza wakiwa wamesimama juani.

Alianza kazi jikoni, akikaanga wali na maharage na kuchoma tortilla, chapati za mahindi, za wakata miwa kabla hakujapambazuka. Mume wake, Ceferino, alikuwa mkataji mwepesi kuliko wote hapa. Wazee bado wanasema alikuwa anashika panga kama wengine wanavyoshika gongo la besiboli, mguu mmoja mbele, macho hayapepesi. Hakuwa mtu wa kukaa chini. Maji aliyatunza mpaka jioni, ayanywe akirudi nyumbani. Hapa kwetu mtu ambaye figo zake zimeharibika tunasema ana kreatinini, kwa jina la kitu ambacho nesi anakitafuta kwenye damu. Ceferino alipatikana nayo akiwa bado kijana, na tukamzika wakati wa mvua. Mavuno yalipoanza tena, mjane wake alikwenda ofisini kuomba ahamishwe kutoka jikoni kwenda shambani. Walidhani anataka kukata. Alitaka kunoa mapanga.

Siku zile kila mkataji alikuwa na tupa yake mfukoni. Panga likiwa butu alilinoa hapo hapo kwenye mstari wake, akiwa ameinama kwenye masizi ya miwa iliyochomwa, kisha akaendelea. Nesi Xiomara alikuwa amehangaika mpaka akapata turubai la kivuli, mapipa ya maji na kinywaji cha chumvi na sukari. Aliwaeleza watu kwamba jua na kiu ndivyo vinavyomaliza figo, na kwamba lazima wapumzike. Walimsikiliza kwa adabu wakiwa wamevua kofia, kisha wakarudi kukata. Hulipwa kwa tani, na kila dakika ya kukaa waliiona inatoka kwenye sahani za watoto wao. Chini ya turubai walilala mbwa wa kambi.

Baba yangu, Evenor Quiroz, alikuwa na mdomo kuliko wote, na ameniruhusu niyaandike haya. Alimwambia nesi, "Dada, kivuli kile ni cha wajawazito. Mimi mimba yangu bado changa."

Mama Tila alikuwa karibu akayasikia. Alimwambia Xiomara, "Hawa hawatakusikia wewe, wala mimi hawatanisikia. Panga butu watalisikia."

Akaweka meza chini ya turubai, akafukuza mbwa, akatangaza kwamba atamnolea yeyote bila malipo. Masharti yalikuwa machache: panga liletwe pale, mwenyewe akae, na anywe maji mpaka panga liishe kunolewa. Mwanzoni walikuja wachache, wengi wao wakiwa wazee. Lakini mkono wa Mama Tila ulikuwa wa aina yake. Panga alilolinoa lilipita kwenye muwa kana kwamba muwa haupo, na mchana wale wazee wakaanza kuwapita vijana. Vijana wakaja. Walipozoea makali hayo na kuziacha tupa zao nyumbani zishike kutu, Mama Tila akaongeza sharti jingine. Hatanoa panga mojamoja tena. Atagonga sahani ya chuma ya plau la trekta aliyoining'iniza kwenye nguzo ya turubai, na wote waje kwa pamoja.

Ndivyo mapumziko yalivyoanza Santa Ubalda. Mtu hawezi kukata wakati panga lake liko mezani kwa Mama Tila, naye alikuwa hana haraka hata kidogo.

"Mama Tila, langu lilikuwa la kwanza hapo, umelipita."

"Nimeliona, mwanangu. Limechoka kuliko mwenyewe. Kunywa maji."

Baba alitafuta njia ya kumzidi. Alileta panga kuukuu la nyumbani, na lile la kazi akalificha kwenye miwa, ili akishaonekana kwamba amefika, atoroke arudi kukata. Mama Tila aliligeuza lile panga kuukuu, akalinoa taratibu pande zote mbili mpaka likang'aa, akamkabidhi. "Haya, la kuchimbia mihogo tayari. Sasa kalete lile jingine tuanze upya." Siku hiyo Baba alikaa kivulini mara mbili, na mpaka leo kambini wanamwita Mihogo.

Xiomara hupima damu za wakataji mavuno yanapoanza na yanapoisha. Anasema wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya figo wamepungua mwaka hadi mwaka. Hawajaisha. Mama Tila hataki tuandike kwamba wameisha, kwa hiyo siandiki.

Mwaka huu, ilipojulikana kwamba anastaafu, karibu yote haya yapotee. Kiwanda kilikuwa kinalalamika kwamba miwa inachelewa. Nyapara mpya, Bosco, alikuja na sanduku la tupa mpya, akampa kila mkataji ya kwake. Alisema kuanzia kesho yake kila mtu atanoa kwenye mstari wake, na mama apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Alisema kwa heshima. Lakini kila mtu alielewa kwamba bila meza ile hakuna atakayekaa, na Ceferino wengine watafuata.

Kesho yake, jua lilipopanda, Mama Tila aligonga sahani kama kawaida. Hakuna aliyetoka kwenye miwa. Hakugonga tena. Alikaa kwenye kiti chake na tupa mapajani, akatazama shamba.

Kisha Baba akatoka kwenye mstari wake. Tupa mpya ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wake wa nyuma. Aliweka panga mezani.

"Mihogo," Bosco alimwita, "si umepewa tupa?"

"Tupa nimepewa, bosi. Mkono sijapewa." Akakaa, akaomba maji.

Wakaja wengine, wawili watatu, kisha wote, kila mmoja na tupa yake mpya mfukoni. Bosco alibaki amesimama nje ya kivuli, jasho likimtiririka. Mama Tila alimmiminia kikombe. "Ingia, mwanangu. Jua halikuulizi kama wewe ni nyapara." Bosco aliingia, akanywa, akakaa mpaka panga la mwisho likaisha. Xiomara na yeye ndio waliokwenda pamoja ofisini, na ofisi imekubali kazi ya mnoaji iendelee.

Mnoaji mpya ni Baba. Mwezi uliopita, mavuno yakikaribia kuisha, Xiomara alipima damu yake akaona kreatinini imeanza kupanda, akamwambia panga sasa basi. Imeonekana mapema, naye Xiomara anasema ikilindwa itatulia, na nyumbani tunashika neno lake hilo. Mwezi mzima Baba amekaa mezani akijifunza. "Hili umelinoa au umelitisha?" Mama Tila humuuliza. Makali ameshayapata. Kinachomshinda ni kwenda polepole.

Mama Tila, asante kwa kutukalisha. Tunakutakia kiti kizuri barazani, kivuli cha mchana kutwa, na maji ambayo hakuna mtu wa kukulazimisha kuyanywa. Novemba, mavuno yakianza tena, upepo ukitoka huku, utaisikia sahani ya plau. Usisimame, Mama. Atakuwa Baba anagonga, na wote watakuwa wanakuja.