Meza ya Mashimo Mawili

Ukitoka gare ya Kalemie, yaani stesheni ya treni, na kufuata barabara ya vumbi inayoshuka ziwani, utakuta mahali ambapo watu wamekaa tangu asubuhi na hakuna anayeonekana kuwa na haraka. Hapo ni kwa Mama Émérence, muuza kahawa. Kuna benchi la mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali, na mbele yake meza ndefu, nyeusi, nzito kuliko meza yoyote ya kahawa mjini. Meza hiyo ina mashimo mawili ya mviringo, na birika mbili za Mama Émérence zinaingia humo sawasawa, hata upepo wa ziwa uje na hasira gani haziyumbi. Wageni huisifu sana. Husema fundi aliyeitengeneza alikuwa anaijua kahawa. Wenyeji wa kijiwe huzisikiliza sifa hizo huku wakitazama pembeni.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Papa Zacharie alikuwa ameinamia karatasi nane. Anafundisha fizikia, kemia na hesabu sekondari, na mtaani anaitwa Santimeta, kwa sababu kwake hakuna kilicho karibu wala mbali mpaka kipate namba. Karatasi zilikuwa za mfuko mmoja wa ng'ambo unaogawa vifaa vya sayansi na vitabu vya hesabu kwa shule. Ameshauomba mara mbili. Mara ya kwanza hawakujibu. Mara ya pili walijibu kwa kumtakia mafanikio. Mara hii ya tatu mlango wa maombi ulikuwa unafungwa saa sita kamili.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mwaka jana wanafunzi wake waliulizwa kwenye Exetat, mtihani wa taifa, habari za bireti, kile kibomba cha kioo cha kupimia dawa za kemia, ambacho hawajawahi kukiona ila kwenye ubao. Mmoja alijibu kwamba ni chombo cheupe, maana chaki ni nyeupe. Walimu wenzake walipomsimulia, Zacharie alicheka nao. Kisha akaenda nyumbani akashindwa kula.

— Umefika wapi? aliuliza Papa Norbert.

Norbert alifanya kazi ya reli miaka thelathini, anaitwa Chef de Gare, mkuu wa stesheni, mpaka leo, na husikia treni ya Kabalo kabla ya watu wote, hata siku ambazo haiji.

— Swali la mwisho njo linanisumbua. Sikiliza: "Shule na wenyeji wana kitu gani tayari kwa ajili ya maabara? Taja kitu na mahali kilipo."

— Andika "hakuna."

— Mara zote mbili niliandika "hakuna."

— Basi haukuandika kwa nguvu. Andika "hakuna hata kidogo," na chini upige tampon nne, mihuri ya shule. Muntu wa biro kule ofisini akiona tampon nne anaogopa.

— Papa Norbert, hayo ni mambo ya zamani, alisema Chérubin.

Chérubin anaendesha pikipiki ya abiria. Wanamwita Ambasadere, yaani balozi, kwa kuwa aliwahi kumbeba mzungu mmoja siku mbili mfululizo, na tangu hapo anajua wazungu wote wanawaza nini.

— Siku hizi wazungu hawataki kusikia shida, aliendelea. Shida wako nazo mingi kwenye mafaili. Wanataka kitu mupya. Uombe telesikopu, Prof. Tuiweke kule juu ya mulima, watoto waangalie ndagala ziko wapi, wavuvi wajue kwa kwenda. Hiyo ni sayansi ya ziwa.

— Telesikopu inaangalia juu, Chérubin. Ndagala wako ndani ya maji.

— Tutaigeuza.

Norbert alitikisa kichwa kwa huruma, namna mtu anavyomhurumia abiria aliyekata tiketi ya siku isiyo yake.

— Kama ni kitu mupya, tuombe wagon. Labo yote ndani ya wagon moja. Inatoka Kabalo, inasimama kila gare, watoto wanapanda, wanafanya kemia, wanashuka. Hakuna shule itabaki nyuma.

— Na treni isipokuja? aliuliza Zacharie.

— Watafanya hesabu ya kuchelewa. Ile njo hesabu nguvu kuliko zote.

Mama Émérence alikuwa anapuliza makaa. Alisema bila kuinua kichwa:

— Mimi muniulizie kimoja tu. Kwa nini makaa ya mwaka huu yanaisha mbio, na ni ya miti ileile?

Zacharie aliweka kalamu chini. Lilikuwa swali la kweli la kwanza asubuhi ile, na angelijibu kwa furaha, angeyapima hata makaa yenyewe, lakini Chérubin alikuwa ameshapata mbawa.

— Hapana, ngojeni. Satelite. Tunaiita Tanganyika ya Kwanza. Watoto wetu wanaitengeneza wenyewe, na usiku inapita juu ya Kigoma, wale wa ng'ambo ya ziwa wanaiona, wanauliza ni ya nani.

— Itarukia wapi? aliuliza Norbert, ambaye sasa alivutiwa.

— Pale gare. Si kuna reli iliyonyooka?

— Ipo. Kilometa mbili bila kona, alikubali Norbert. Ila wanapashwa kuniomba ruhusa.

Wakaanza kubishana nani atabonyeza kifungo. Zacharie aliwaacha. Mistari mitano ya swali la mwisho ilikuwa mitupu, na mtu wa kumlaumu alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Kiwiko chake kilikuwa juu ya jibu lenyewe.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia madarasani, Zacharie aliingia maabara ya shule na maji kiunoni. Vyombo vyote vya kioo vilikuwa vimeshakwenda na maji. Kilichobaki ni meza hii, yenye mashimo mawili ya beseni za kunawia vyombo. Aliita watu. Norbert akaleta kigari cha reli, Chérubin akaleta kamba, wakaivuta mpaka hapa palipo pakavu. Ilikuwa ikae wiki moja. Siku ya tatu Mama Émérence, ambaye kibanda chake nacho kililowa akahamia hapa, aliweka birika katika shimo moja, kwa muda tu. Birika ikakaa sawasawa. Maji yakapungua, wiki ikawa miaka minne, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Zacharie alikuwa amejishawishi kwamba wenzake wamesahau. Na kusema kweli hakutaka kuwakumbusha. Aliipenda kahawa ile. Aliwapenda watu hawa kuliko alivyowahi kuwaambia.

Hapo ndipo alipofika Mama Précieuse na beseni la ndagala kichwani. Ni mtu wa kaskazini ya ziwa, kutoka upande wa Baraka, amehamia Kalemie hana mwezi, na binti yake Ketsia ameanza darasani kwa Zacharie wiki ile. Alitua beseni, akaomba kahawa, akasalimia kila mtu kwa zamu.

— Papa Profesa, Ketsia anasema mukifanya kemia munachora.

— Tunachora, mama.

— Anachora vizuri, alisema mama huyo, na hakuwa na ubaya wowote.

Zacharie alikunywa kahawa haraka mpaka akaungua ulimi. Mama Précieuse naye alikuwa anaipapasa meza. Aliingiza mkono chini ya shimo, akagonga ubao kwa vidole, akainama kuangalia miguu.

— Meza muzuri hii. Na mimi nataka moja ya kuuzia samaki, maji yapite chini. Mulitoa wapi?

Lilikuwa swali la mtu anayetafuta fundi. Zacharie alingoja mmoja wao atoe uongo wowote, maana uongo hapo haujawahi kukosekana. Chérubin alianza kuchunguza tairi la pikipiki yake. Norbert aliinua kidole, akisikiliza treni. Mama Émérence alikoroga kahawa ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Zacharie aliwatazama mmoja mmoja, na ndipo akaelewa. Hakuna aliyesahau. Wote walijua, kila asubuhi, miaka minne, na kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake.

— Ni ya shule, mama, alisema. Ni meza ya labo.

Kisha Mama Émérence akashusha pumzi ndefu.

— Nilikuwa nangoja wewe njo useme, Prof.

— Nilifikiri mumesahau.

— Mugongo wangu haujasahau, alisema Norbert.

Zacharie alitoa rula mfukoni, akapima meza kutoka ncha hadi ncha, akarudia kuhakikisha. Akaandika: meza moja ya maabara, mita tatu na santimeta kumi na mbili, mashimo mawili ya beseni, hali nzuri, imetunzwa na wenyeji. Alipofika kwenye "mahali ilipo," kalamu ilisimama. Kuandika "shuleni" kungekuwa uongo. Kuandika "kwa Mama Émérence" kungekuwa aibu ya mtaa mzima.

Mama Émérence aliinua birika ya kwanza akaiweka chini. Akaiinua ya pili.

— Andika shule.

— Haijafika shule.

— Saa sita itakuwa imefika. Papa Norbert, kile kigari chako kiko wapi?

Kigari kilikuwepo. Waliipakia na kuisukuma watano, Mama Précieuse akishika pembe moja kama wengine, beseni lake akiwa ameliacha benchini. Njiani Zacharie alisema ni mita mia saba na arobaini, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Waliiingiza katika chumba ambacho ukuta wake bado una mstari wa maji, wakaiweka chini ya dirisha, mahali pake palepale, ambapo sakafu ilikuwa na alama za miguu yake. Zacharie aliandika "shuleni" akiwa ameegemea juu yake.

Chérubin alizitia karatasi ndani ya koti, azipeleke parokia kwenye biro, ofisi yenye intaneti. Aliwasha pikipiki, halafu akageuka.

— Prof, na wakikataa tena?

— Jumatatu watoto watakuwa na meza.

— Meza bila kitu?

— Mama Émérence atanipa makaa ya mwaka huu, na mengine kidogo kama atapata ya mwaka jana. Tutaanza na swali lake.

Mama Émérence alifunga kitenge chake upya, polepole, ili asionekane anavyofurahi.

Saa sita na nusu walikuwa wamerudi kwenye mataruma. Chérubin alileta habari kwamba karatasi zimepita, zikibaki dakika kumi na moja. Birika zilikuwa chini, juu ya mawe, na upepo ulikuwa unazisukuma. Mama Émérence aligawa kahawa iliyobaki, nusu kikombe kwa kila mtu, na cha Mama Précieuse akakijaza. Zacharie alipokea chake, akapiga funda moja, akashusha kiwiko mbele kama kila siku, na nusura aanguke.