Hilaire Kapya, Mhesabu Ndege wa Mwadingusha

Tarehe 30 Juni 1997 Baba Hilaire Kapya anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusoma vipimo vya maji kwenye bwawa la Mwadingusha. Zamani kituo chetu kilikuwa na wafanyakazi kumi na tisa. Leo tunaomuaga ni wanne.

Aliajiriwa mwaka 1964, akavaa tai siku ya kwanza, na hakuiacha tena. Mwaka mmoja mvua zilipozidi, aliingia ziwani hadi kifuani kusoma kipimo kilichofunikwa na majani. Alitoka na namba sahihi, na tai imelowa hadi kwenye fundo. Gari la kazi lilipokufa mwaka 1991, alianza kuja kwa baiskeli kutoka mjini Likasi. Alikaa bwawani wiki nzima na kurudi kwa mke wake, Mama Josée, kila Jumamosi.

Kuhesabu ndege hakukuwa katika mkataba wake. Ombi lilitoka kwa mtaalamu mmoja wa ndege mwaka 1979: kila Januari, wakati Ulaya imeganda kwa baridi na ndege wa huko wamekimbilia kwetu, wahesabiwe ndege wote wa ziwani. Hilaire alipewa darubini moja na daftari. Alimchagua msaidizi wake, Camille Ntumba, waifanye kazi hiyo pamoja.

Bata na korongo hawakuwasumbua. Shida ilikuwa shakwe, wale ndege weupe wanaoelea juu ya maji wakipiga kelele. Shakwe wetu ana kichwa cha kijivu, lakini nje ya majira ya kutaga rangi hiyo hufifia, akabaki mweupe mwenye doa hafifu nyuma ya jicho. Aina moja ya shakwe wa Ulaya huwa hivyohivyo wakati wa baridi. Tofauti iliyo wazi ni jicho: wetu aliyekomaa analo jeupe, wa Ulaya analo jeusi. Nalo jicho la ndege aliye mbali, mvua ikinyesha, si kitu cha kuapia.

Januari 1992 Camille alimwona mmoja kwenye ukingo wa matope, akaandika daftarini: shakwe wa Ulaya, mmoja. Hilaire alikataa.

“Iko mutoto tu, Camille. Batoto ya huku yote iko na jicho nyeusi.”

“Mutoto gani iko na mukia mweupe yote, chef? Mutoto iko na mukanda mweusi ku mukia. Angalia vizuri.”

Ndege akaruka. Hilaire, aliyekuwa mkubwa wa kazi, alichukua kalamu akaufuta mstari ule. Camille hakubishana. Alisema tu, “Futa, chef. Minye nilionaka,” yaani yeye alikuwa ameona.

Mwaka huohuo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, Camille miongoni mwao, walifukuzwa Likasi. Camille alizaliwa Likasi, watoto wake pia, lakini hakuna aliyeuliza hilo. Yeye na mke wake, Suzanne, walikaa majuma mengi stesheni, chini ya turubai, pamoja na maelfu waliokuwa wakingoja treni. Hilaire aliwapelekea unga na samaki wakavu kila Jumamosi, kabla hajafika kwake. Majirani walimwonya. Aliendelea kwenda. Jumamosi moja alikuta turubai limekunjwa na watu wengine wamekaa pale.

Miaka miwili alihesabu peke yake. Januari 1995 mimi, Nicolas, nilikuwa naye. Mvua ilikuwa imekatika, na shakwe wawili walitua karibu nasi, mmoja ubavuni mwa mwingine. Mmoja alikuwa na jicho jeupe. Mwenzake, mdogo kidogo, alikuwa na jicho jeusi, na mkia wake ulikuwa mweupe wote, bila mkanda. Hilaire aliwatazama mpaka wakaruka. Kisha akaketi kwenye matope na suruali yake ya kazi, akalia. Mimi nikamshikia darubini.

Siku ile alifungua daftari la 1992, akaurudisha mstari alioufuta, akaandika pembeni: “Camille Ntumba aliona sawasawa. Mimi nilikosea. H. Kapya.” Akamwandikia Camille barua ya kumweleza hivyo, akaituma Kasai kwa wasafiri.

Jibu lilifika mwaka uliofuata, likiwa limeandikwa na Suzanne. Camille alikuwa ameugua ndani ya treni, akafa kabla ya kufika, akazikwa kando ya reli. Suzanne aliandika kwamba amewasomea watoto barua ya Hilaire, ili wajue baba yao alikuwa mtu wa kazi gani. Hilaire alitusomea sote barua ya Suzanne, akaikunja, akaomba ruhusa ya siku moja. Katika miaka thelathini na mitatu, ndiyo ruhusa pekee aliyowahi kuomba.

Sasa anakwenda kuishi Lubumbashi kwa binti yake, Mélanie. Baba Hilaire, asante kwa vipimo visivyokosa hata siku ambazo hatukujua nani atavisoma. Asante kwa kutuonyesha kwamba mkubwa anaweza kuandika “nilikosea” na kutia sahihi. Tunakuombea nyumba tulivu wewe na Mama Josée, na usingizi usio na mawazo. Uende salama, mzee wetu, tutakukosa sana.

Nicolas Mwape, kwa niaba ya wanne waliobaki