Mashine Zinateremka Bandarini

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kushonea viatu, ng'ambo ya geti la kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa soko huria lilipoingia, na tangu hapo wateja wangu huleta viatu vilevile, natia kiraka juu ya kiraka. Asubuhi ile geti lilikuwa wazi. Winchi ilikuwa inanyanyua mashine za kufumia na kuzipakia kwenye lori, nasi tumekaa tunatazama kama wafiwa. Mama Birika alimimina kahawa bila kumwangalia mumewe, Spana, aliyekuwa fundi wa mashine hizo tangu ujana wake. Redio, kinyozi asiye na vichwa vya kunyoa, alikuwa ameshaanza matangazo.

— Zinakwenda mji wa bandari. Mwekezaji kanunua zote.

— Si angefungua hapahapa? — nikauliza. — Jengo lipo, pamba ipo.

— Umeme wetu unapepesa kama jicho la mlevi. Barabara ndiyo usiseme. Soko linachagua pa kukaa, bwana, halikai juu ya mawe.

— Na sisi tumekaa juu ya nini? — Mama Birika akadakia.

— Subira, shemeji. Wataalamu wanasema bandari ikishiba, neema itatiririka mpaka huku.

— Itatiririka kupanda mlima?

— Hapo umesema! Nchi hii imeinama. Kule ni chini, huku ni juu. Pamba imeteremka, vijana wameteremka, leo mashine. Mwakani tutaamka tukute mji mzima umeserereka, tumebaki na kilima!

Tulicheka. Spana hakucheka.

— Wameniomba niende nazo — alisema taratibu. — Nikazifunge huko. Zikifanya kazi, wananiajiri.

Mama Birika akalitua birika chini.

— Wamekuambia lini?

— Juzi.

— Juzi! Jana tumeshinda shambani wawili tu, ukanyamaza?

— Ningesemaje?

— Kwa mdomo, baba. Huohuo unaoombea chakula.

— Basi twende wote.

— Na mama yako? Macho hayaoni, mpaka uani anashikwa mkono. Huko kwenye chumba cha kupanga tumlaze wapi, darini?

Redio alifungua kinywa, nikamkanyaga mguu.

Dereva wa lori akavuka barabara, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Akaomba kahawa, akanywa amesimama.

— Wakubwa, nisaidieni. Kuja huku nimeleta sabuni na ndoo, kurudi nimepata mashine. Njia hii nimeipenda. Sasa hizi zikiisha, nitakuwa nabeba nini kutoka huku?

Mimi niliinamia kiatu kilichokuwa mapajani nikajifanya natafuta tundu la sindano. Redio alitazama kahawa yake. Dereva alidhani hatukumsikia, akauliza tena, kwa upole zaidi. Kisha akarudisha kikombe, akaenda kukaza kamba.

Mama Birika aliinuka, akashika njia ya nyumbani. Spana alisimama, akaketi, akasimama tena. Lori lilipoanza kunguruma, tukamwona mkewe anarudi mbiombio na begi begani. Alimpa bila kumtazama usoni.

— Shati la buluu bado bichi — alisema. — Lianike dirishani, litakaukia njiani.

Spana alipanda. Lori likakata kona na shati linapepea nje, na Mama Birika akabaki amesimama katikati ya barabara mpaka vumbi lilipotua.